Vitz, Fit au March ya zamani: nunua gia boksi kwanza, jina baadaye

Anayetafuta gari dogo la petroli lenye umri wa miaka kumi na mitano hadi ishirini na kitu hukutana mapema na majina matatu: Toyota Vitz, Honda Fit na Nissan March. Vitz ya kwanza ilitoka Japani Januari 1999, na Ulaya ikaitwa Yaris. Fit ilifuata Juni 2001, ndiyo hiyo hiyo Jazz ya masoko mengine. March inayozungumziwa hapa ni ile yenye taa za duara zilizochomoza kwenye boneti, umbo la K12 la mwaka 2002, ambayo Ulaya ni Micra. Karibu zote huvutwa na magurudumu ya mbele, zina injini za kati ya lita 1.0 na 1.5, na injini zake za petroli zote zinatumia taiming cheni, yaani cheni inayofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Kwa hiyo muuzaji akikusifia kwamba gari lake ni la cheni na si la mkanda, hajakupa sababu ya kulichagua dhidi ya hayo mengine mawili.

Kinachotofautisha magari haya kweli ni gia boksi, na hapo ndipo bei nyingi hukosewa. Watu hulipia jina la Vitz bila kuuliza kama iliyo mbele yao ina automatiki ya gia nne au CVT (automatiki isiyo na gia za kupanda). Wengine huikimbia Fit kwa kusikia tu kwamba gia zake hufa, kumbe iliyo mbele yao ni manual. Kwa gari la umri huu, injini iliyochoka kidogo unaweza kuishi nayo huku ukijipanga. Gia boksi iliyokufa, hasa CVT, inaweza kudai fedha zinazokaribia bei ya gari zima.

Soma namba ya chesisi kabla ya kusoma tangazo

Matangazo hukosea, namba ya chesisi haikosei. Herufi na tarakimu zake za mwanzo zinakuambia injini iliyowekwa kiwandani. Kwa Vitz ya kwanza, SCP10 ni lita 1.0 yenye silinda nne, NCP10 ni lita 1.3 yenye injini ya 2NZ-FE, SCP13 ni lita 1.3 ya 2SZ-FE, na NCP13 ni lita 1.5 ya 1NZ-FE. Kwa Vitz ya pili, iliyoanza 2005, KSP90 ni lita 1.0 ya silinda tatu, SCP90 ni 1.3 na NCP91 ni 1.5. Kwa Fit, GD1 ni 1.3 na GD3 ni 1.5. Kwa March, AK12 ni 1.2 yenye injini ya CR12DE na BK12 ni 1.4 yenye CR14DE.

Linganisha na injini unayoiona. Injini tofauti na chesisi si kosa lenyewe, gari la miaka ishirini huweza kubadilishwa injini kwa nia njema kabisa. Lakini inabadilisha hesabu: spea utakazoagiza hazitalingana na kadi ya gari, kompyuta ya injini inaweza kuwa imeunganishwa kienyeji, na kilomita zilizo kwenye dashibodi hazisemi lolote kuhusu injini hiyo.

Injini: kila moja ina ugonjwa wake wa uzeeni

Injini za NZ kwenye Vitz ni miongoni mwa injini ndogo zinazosamehe sana. Cheni yake haileti matatizo mara nyingi kama oili imekuwa ikibadilishwa kwa wakati. Ugonjwa wake ni kula oili. Zile ringi za pistoni zinazokwangua oili kwenye kuta za silinda hunasa kwa masizi pale oili inapoachwa ichoke, kisha oili inapanda juu na kuungua. Mwanzoni moshi hauonekani sana, na hatari iko hapo, kwa sababu mwenye gari hajui kitu mpaka taa nyekundu ya oili iwake kwenye kona.

Hesabu yake ni ndogo lakini inatisha. Injini za magari haya matatu hubeba oili ya takriban lita tatu na nusu tu. Kati ya alama ya chini na ya juu ya dipstiki kuna kama lita moja. Gari likipoteza lita moja na nusu bila mtu kutazama, karibu nusu ya oili haipo, na cheni, kamshafti (shafti inayofungua valvu) na beringi zinakula chuma kwa chuma.

Siku ya kukagua huwezi kuendesha kilomita 1,000 ili uone imepungua kiasi gani, kwa hiyo tafuta dalili. Liache gari lililokwisha kupata moto lingurume kwa dakika tano bila kukanyaga mafuta, mtu asimame nyuma, kisha kanyaga hadi mzunguko wa 3,000 hivi. Wingu la bluu linalotoka kwa ghafla ni oili inayoungua. Ukiruhusiwa, fungua plagi moja moja: ncha yenye majivu meupe yaliyogandamana au unyevu wa oili inakuambia hata silinda ipi. Kipimo cha kompresheni (presha ndani ya silinda) kinamaliza ubishi. Tofauti ya zaidi ya bar 1 kati ya silinda na silinda si ya kupuuzwa.

Vitz ya lita 1.3 (NCP10) ndiyo ningeitafuta kwanza katika kundi lake. Ile ya lita 1.0 ya kwanza ni imara pia, ila hulemewa ikiwa na abiria wanne na mlima. KSP90 ya silinda tatu hutetemeka inaponguruma bila kukanyagwa, na hiyo ni tabia ya silinda tatu. Usikubali kubadilishiwa mauntini zote (mipira inayoshikilia injini) kwa sababu hiyo tu. Kwenye injini hiyo mulika tochi upande wa mkanda wa nje (ule wa alteneta), uangalie pampu ya maji. Alama kavu za rangi ya waridi au nyeupe chini yake ni kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) iliyovuja na kukauka, na pampu hiyo inahitaji kubadilishwa.

Injini ya Fit GD1 ina jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua baada ya kulipa: silinda nne, lakini plagi nane na koili nane. Kila silinda ina plagi mbili ili mchanganyiko wa hewa na petroli uungue haraka zaidi, na kwa kweli gari hili ni bahili wa mafuta mjini. Gharama yake ni kwamba kila huduma ya plagi ni mara mbili. Na kuna hila hapa. Plagi nne za mbele zinafikika kirahisi, nne za nyuma ziko upande wa ukuta wa kabini na zinahitaji kufungua vitu. Fundi mvivu hubadilisha za mbele na kuziacha za nyuma. Gari linaendelea kutembea kwa sababu kila silinda bado ina plagi moja nzima, ila linakosa nguvu mlimani na linakula mafuta. Mwombe muuzaji koili moja ya nyuma ifunguliwe mbele yako. Plagi ya nyuma iliyochakaa huku ya mbele ikiwa mpya inakuonyesha gari limehudumiwa namna gani kwa ujumla.

Valvu za Fit hurekebishwa kwa skurubu, injini ikiwa baridi. Watu wengi hawajawahi kuzigusa. Nafasi ikibana kupita kiasi, injini hunguruma kwa kusitasita na huwa ngumu kuwaka. Marekebisho ni kazi ya saa chache na haihitaji spea kubwa, kwa hiyo usilikatae gari kwa hilo, ila litumie kushusha bei. Masizi kwenye njia ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) pia husababisha gari kustuka-stuka mwendo wa pole, na dawa yake ni kusafisha.

March ndiyo ya kuwa nayo makini zaidi kwa upande wa injini. Cheni ya CR12DE inajulikana kwa kurefuka. Cheni hukazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Oili ikiwa chafu au pungufu, tenshena haikazi vizuri, viungo vya cheni vinalika, na cheni inarefuka milimita chache. Milimita hizo zinatosha kamshafti ichelewe nyuma ya krenkishafti (shafti inayozungushwa na pistoni). Kompyuta inaona sensa mbili hazikubaliani, taa ya injini inawaka, gari linakuwa gumu kuwaka na linakosa nguvu. Skana ikitoa kodi (namba ya hitilafu) P0340, ya sensa ya kamshafti, au P0335, ya sensa ya krenkishafti, wengi hubadilisha sensa tu. Sensa hufa kweli kwenye gari hili, hivyo si kosa kuianza. Lakini kodi ikirudi baada ya sensa mpya, lawama ni ya cheni. Kuibadilisha ni kazi kubwa kuliko spea yenyewe, kwa sababu kava la mbele la injini lazima lifunguke, na ukishafika huko unaweka cheni, tenshena na gaidi zake zote (reli zinazoongoza cheni) kwa pamoja.

Sekunde tatu za asubuhi

Kwa magari yote matatu, kipimo chenye thamani kuliko vyote hakihitaji kifaa. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari likiwa baridi. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, ameliwasha kabla hujafika, na yawezekana kuna sauti hakutaka uisikie. Ahirisha mpaka kesho yake.

Fungua boneti, simama upande wa mkanda, mtu mwingine apige stata. Sikiliza sekunde tatu za kwanza. Kwenye injini nzuri utasikia stata, mlio wa injini kupanda kidogo, kisha kutulia. Cheni iliyorefuka inatoa mkwaruzo mkavu, kama mnyororo mwembamba unaoburutwa ndani ya bati, halafu unanyamaza presha ya oili ikifika. Mkwaruzo wa sekunde moja baada ya kulala siku kadhaa si wa kutisha. Ukiendelea zaidi ya sekunde mbili tatu, au ukirudi injini ikiwa ya moto, hesabu cheni kama kazi ya lazima.

Kabla hujaliwasha, fungua kizibo cha oili na cha rejeta. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kizibo cha oili unaweza kuwa unyevu tu wa gari linalotembea safari fupi, kwa hiyo usikimbilie hukumu. Oili iliyochanganyika na maji kwenye dipstiki, au mafuta yanayoelea kwenye rejeta, ni jambo jingine kabisa: gaskiti ya silinda hedi imepita, au hedi imepinda baada ya gari kuchemsha. Hapo hakuna bei ya kujadili. Rejeta yenye maji matupu badala ya kulanti pia ina maana yake. Kuna sehemu inavuja, na mwenye gari amechoka kununua kulanti.

Gia boksi, mahali penye pesa

March nyingi za K12 zina automatiki ya kawaida ya gia nne, na ni sehemu bora ya gari hilo. Vitz ya kwanza nayo ni hivyo hivyo. Gia boksi za aina hii zina tokonventa (kiunganishi cha oili kati ya injini na gia) inayobeba kazi ya kuondoa gari, na hustahimili foleni. Upimaji wake ni mwepesi. Breki ikiwa imekanyagwa na injini ikiwa imeshapata moto, hamisha mkono wa gia kutoka P kwenda R, subiri, kisha D. Gia iingie ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo. Kisha endesha kwa kukanyaga mafuta kidogo na usikilize kila gia inapobadilika. Injini ikipanda mzunguko kabla gia inayofuata haijashika, klachi za ndani zinateleza. Kishindo kikubwa cha kuingia R huweza kuwa mauntini ya injini iliyokatika, na hiyo ni nafuu sana kuliko gia boksi, kwa hiyo hakikisha kabla ya kukata tamaa.

Vitz ya pili ni hadithi tofauti. Nyingi za soko la Japani zina CVT, na mtu aliyezoea Vitz ya kwanza huichukua kana kwamba ni gari lile lile. CVT haina gia za kupanda. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazobadilisha upana. Mkanda huo hutegemea oili maalumu, na kwenye Vitz ni CVT Fluid TC. Mtu akiweka ATF ya kawaida (oili ya automatiki ya gia) ndani yake, msuguano kati ya mkanda na puli unabadilika, mkanda unateleza na kuchubua puli. Uharibifu huo haurudi nyuma hata ukirudisha oili sahihi. Uliza aina ya oili iliyowekwa na wapi. Jibu la "tuliweka ATF nzuri" kwa gari la CVT ni sababu tosha ya kuondoka. Unapoendesha, sikiliza mlio mwembamba unaopanda na mwendo kama filimbi ya mbali. Mlio mdogo ni wa kawaida. Ukigeuka kuwa muungurumo, beringi zimeanza.

Na sasa Fit, ambayo kwenye umri huu hupanda au kushuka thamani kwa jambo moja. CVT yake ya kizazi cha kwanza haina tokonventa. Badala yake ina klachi ya kuondokea, yenye sahani kadhaa zinazoogelea ndani ya oili, na klachi hiyo ndiyo inayoshika na kuachia kila unapoondoka. Kwenye foleni ya kusogea hatua mbili na kusimama, inafanya kazi mfululizo. Sahani zikilainika, au oili ikichoka, gari linatetemeka wakati wa kuondoka, kuanzia kusimama hadi kama kilomita 20 kwa saa, kana kwamba unaanza kwa gia ya pili kwenye gari la manual.

Lipime hivi. Endesha dakika kumi na tano ili oili ya gia ipate moto, kwa sababu gari baridi linaweza kuficha tatizo. Tafuta mlima mdogo. Simama kabisa, achia breki, kanyaga mafuta kidogo sana, polepole kuliko unavyozoea. Rudia mara tano, kisha ufanye hivyo hivyo kwa rivasi. Mtetemo wa usukani na kiti kwa sekunde moja ya mwanzo unaweza kutibika: oili inamwagwa na kujazwa mara mbili kwa oili ya Honda ya HMMF inayotakiwa kwenye gia boksi hiyo, kwa kuwa kumwaga mara moja hutoa sehemu tu ya oili yote, kisha kompyuta inafundishwa upya mahali klachi inaposhika. Mtetemo mzito unaofika hadi kwenye dashibodi, au gari linalositasita kabisa mlimani, maana yake sahani zimekwisha. Gia boksi lazima ishuke.

Kwa hiyo Fit ya CVT inayoondoka laini kwenye mlima, ikiwa na risiti za oili sahihi, ni gari zuri sana. Fit ya CVT bila historia ni kamari. Fit ya manual, kama unaiweza, inakupa nafasi na ubahili wa mafuta wa gari hili bila tatizo lake kubwa, na mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu wengi wanataka automatiki. Hilo ni kosa la soko linalokufaa wewe.

Neno moja kuhusu oili ya automatiki isiyojulikana umri wake. Ikiwa gari linabadilisha gia vizuri, mwaga na ujaze mara mbili tatu kwa vipindi, usisukume yote kwa mashine kwa mkupuo mmoja. Ikiwa oili ni nyeusi na inanuka kuungua na gia tayari zinateleza, oili mpya haitaponya klachi zilizoungua.

Nafasi, miguu na bodi

Kwa nafasi Fit inashinda, na si kwa kidogo. Tangi la petroli liko chini ya viti vya mbele, si chini ya kiti cha nyuma kama ilivyozoeleka. Sakafu ya nyuma ikabaki chini, buti ikawa na lita 380 hivi viti vikiwa vimesimama. Sehemu ya kukalia ya viti vya nyuma hukunjwa kwenda juu, kiasi kwamba unaweza kusimamisha kitu kirefu nyuma ya viti vya mbele. Vitz ya kwanza ina takriban lita 205 hadi 305, kutegemea umesogeza kiti cha nyuma wapi kwa zile zenye kiti kinachoteleza. March ni ya watu wawili na mizigo midogo. Fadhila yake ni kona: inageuka kwa nusu kipenyo cha mita 4.4, na hilo husaidia sana kwenye maegesho ya kubana.

Kwenye Fit, inua zulia la buti na uchungulie shimo la tairi la akiba. Maji hupenya kwenye mishono na mipira ya nyuma na kujaa humo. Ukikuta maji, kutu au harufu ya uvundo, jua kuna kazi ya kutafuta njia yake kwa uvumilivu. Kwenye Vitz ya kwanza, jaribu kishikio cha mlango wa nyuma, hulika kutu na kukatika. Washa pia zile namba za kidijitali katikati ya dashibodi, kwani huanza kufifia au kuzimika, na bila hizo hujui mwendo wala mafuta. Kwenye March, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto gari likiwa limesimama na injini ikiwaka. Usukani wake ni wa umeme. Ukiwa mzito ghafla au taa yake ikawaka, ni mota au kompyuta yake.

Shokapu, bushi za wishiboni, boli jointi na linki za stabilaiza ni za kuchakaa kwenye yote matatu na spea zake ni rahisi kupatikana, hivyo zihesabu kama gharama tu na uendelee. Ajali ni jambo la kuangalia kwa jicho kali zaidi. Rangi ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Kama huna kipimo, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini itakuambia: ikishika mlango mmoja na kulegea kwenye mwingine, kuna tope la bodi chini ya rangi. Tazama boliti za fenda na bawaba za boneti. Rangi iliyochubuka kwenye kona zake ina maana zimefunguliwa. Kwa gari lililopitia mnada Japani, daraja R au RA kwenye karatasi ya mnada ni la gari lililowahi kutengenezwa kwa ajali.

Kilomita zisizoaminika

Gari lenye miaka ishirini na kilomita 68,000 linaweza kuwepo, lakini linahitaji ushahidi. Wastani wa kilomita 10,000 kwa mwaka pekee ungelifikisha 200,000. Linganisha na raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani mahali mkono unapokaa, na upande wa nje wa kiti cha dereva. Raba iliyolika hadi chuma na dashibodi ya kilomita 68,000 haviendi pamoja. Hata hivyo, kilomita chache za kweli hazifuti umri. Mipira, mabomba ya rejeta na tairi huzeeka zikiwa zimesimama. Kwenye ubavu wa tairi, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2214 ni wiki ya 22 ya 2014, na tairi hiyo ni ya kutupa hata kama meno yake yamejaa.

Chomeka skana. Baadhi ya magari haya ya soko la Japani hayazungumzi na skana ndogo za bei ya chini, hivyo kukosa mawasiliano si ushahidi wa ubovu. Yakiungana, usiangalie kodi peke yake. Angalia pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Orodha isiyo na kodi hata moja lakini yenye majaribio mengi ambayo hayajakamilika humaanisha kodi zimefutwa karibuni, au betri imetolewa. Voltimita nayo haidanganyi: injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5.

Bei: geuza kasoro kuwa namba

Bei inayotajwa si bei ya gari. Bei ya gari ni hiyo pamoja na kila kazi ambayo haiwezi kusubiri miezi sita. Tuchukue mfano wa hesabu tu, bei ya Vitz ikiwa 100 ya kipimo chochote. Vitz ya gia nne: 100, tairi nne 10, shokapu za mbele 6, oili zote na plagi 3, jumla 119. Fit ya CVT yenye mtetemo mdogo: 80, akiba ya gia boksi 30, plagi nane na koili mbili 6, oili 3, jumla 119. March yenye cheni inayolia: 65, cheni na kazi yake 14, tairi 10, oili 3, jumla 92.

Ona kilichotokea. Fit iliyoonekana nafuu kwa pointi 20 imelingana na Vitz, na bado inabeba hatari. March iliyoonekana mbovu ndiyo nafuu kuliko zote, kwa sababu ugonjwa wake unajulikana, una mwisho, na ukishatibiwa kwa cheni kamili gia boksi yake haidai kitu. Weka bei za spea na kazi za mahali ulipo kwenye hesabu hiyo hiyo kabla ya kwenda kuliona gari, ili ukiwa pale usisukumwe na rangi inayong'aa.

Kwa anayebeba watu wanne kila siku na anataka kuliuza tena bila taabu: Vitz NCP10 ya gia nne, hata kwa bei iliyozidi kidogo. Kwa mwenye mizigo na safari ndefu: Fit ya manual, na CVT iwe tu ile iliyofaulu mlimani. Kwa mwendo mfupi wa mjini na mfuko mdogo: March yenye cheni iliyobadilishwa kwa risiti, au yenye bei iliyoshuka kufidia cheni hiyo. Vitz ya pili ya CVT ningeichukua ikiwa na ushahidi wa oili sahihi ya gia boksi. Bila huo, Vitz ya kwanza iliyo mkongwe zaidi ni salama zaidi.

Ukishanunua, wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na filta, filta ya hewa, kulanti na oili ya breki, na oili ya gia boksi kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Safisha throtoli bodi kama injini inapanda na kushuka ikinguruma. Jaza oili ya injini hadi alama ya juu ya dipstiki, andika kilomita, na upime kila kilomita 250, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa dakika kumi. Kufikia kilomita 1,000, ikiwa imeshuka kupita nusu ya umbali kati ya alama mbili, anza kubeba chupa ya oili ndani ya gari na fupisha muda wa kubadilisha oili. Ikiwa imefika alama ya chini, pima kompresheni kabla ya kutumia pesa yoyote nyingine kwenye gari hilo.